Barua kwa Binamu Yangu Aliyefuta Bakshishi

Binamu yangu,

Nakuandikia hadharani jambo ambalo mahali pake palikuwa barazani kwa shangazi, kwa kuwa barazani ndipo uliponishinda. Wewe na mimi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Ndiyo maana siku ile ya harusi ya dada yako nilicheka pamoja na wengine, na ndiyo maana imenichukua miezi minne kushika kalamu.

Pilau ilikuwa imeshaliwa, wazee wanasubiri kahawa, nawe ukawa unasimulia safari yenu ya siku saba kwa meli ya kitalii katika Bahari ya Karibi, wewe na shemeji. Ulisimulia vizuri, sikunyimi haki yako. Kisha ukafika usiku wa mwisho, ukaeleza ulivyopanga foleni mapokezi na kuomba makato ya bakshishi yafutwe: dola 18 kwa kichwa kwa siku, watu wawili, siku saba, jumla dola 252, na binti wa mapokezi akayafuta baada ya kukuuliza swali moja tu. "Kazi kujua," ulisema, huku ukijigonga kipaji cha uso kwa kidole. Mzee mmoja akataka kujua kama wahudumu hawakununa. Ndipo uliponinyooshea mkono mbele ya watu wote: "Muulizeni huyu. Katabasamu miaka kumi na moja kwa dola. Tabasamu la kulipwa halinuni."

Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nami nilicheka, nikaomba dele la kahawa lisogezwe upande wangu ingawa kikombe changu kilikuwa kimejaa.

Makato yale, binamu, hayakuwa ujanja wa kampuni wa kukuibia. Kampuni nyingi zinazobeba Wamarekani hukata takriban dola 16 hadi 20 kwa kila abiria kwa siku, na zaidi kidogo kwa wanaolala vyumba vikubwa, na fedha hizo ndizo zinazojaza kipato cha anayetandika kitanda na anayeleta sahani, kwa sababu mshahara wenyewe umepangwa kwa kutegemea kwamba zitaingia. Katika meli nilizofanyia kazi mimi, sehemu yake ilikwenda pia kwa watu ambao abiria hawakuwaona hata siku moja, wakiwemo madobi na waosha vyombo walioshinda chini kusikoonekana jua. Ile nyongeza ya asilimia 18 uliyoiona kwenye risiti ya soda ni ya watu wa baa. Aliyekusafishia choo haimfikii.

Najua una hoja, uliitoa ulipokuwa unavaa viatu: kwamba mwajiri ndiye anayepaswa kulipa watu wake. Hoja ni ya kweli. P&O Cruises ya Uingereza iliyaondoa makato hayo mwaka 2019 na gharama ikaingizwa kwenye nauli. Lakini hoja hiyo inamhusu mwenye meli, nawe hukumwandikia mwenye meli hata mstari mmoja. Ulishuka na nauli yake ukiwa umemlipa kamili, ukaenda kumpunguzia mtu wa Manila au wa Bali aliyekuwa na mtoto wa kusomesha.

Ulisema vilevile kwamba mhudumu wenu ulimpa dola 20 mkononi, kwa hiyo hukumdhulumu mtu. Kwetu sisi abiria aliyefuta makato alijulikana, na chochote alichotoa kwa mkono tulitakiwa kukikabidhi kwenye mfuko wa pamoja. Kwa hiyo huenda dola zako 20 zilikaa kiganjani mwake kwa muda wa kutoka mlangoni kwako hadi ofisini kwa msimamizi.

Safari nyingine, kama unataka kushukuru, yaache makato yalivyo na bahasha iwe nyongeza. Itoe mapema, kabla ya usiku wa mwisho, maana usiku ule masanduku yamejaa kwenye korido na mhudumu hana hata nafasi ya kusimama akakutazama. Dodoso la mwisho wa safari usilitupe. Andika jina lake kama lilivyo kwenye kibandiko cha kifuani, kwa kuwa jina lililoandikwa na abiria lilikuwa na uzito siku ya kuongezewa mkataba. Mimi niliongezewa mara mbili kwa sababu ya watu waliojisumbua kuuliza jina langu linaandikwaje.

Sasa nije kwenye tabasamu. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unampa baharia mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na unaruhusu saa hizo zikatwe vipande viwili ilimradi kimoja kisipungue saa 6. Kwetu hiyo ilikuwa na maana ya kulala kwa muda wa saa sita tu usiku, kujinyoosha kidogo mchana, na kuendelea hivyo miezi minane bila siku nzima ya kukaa. Mtu aliyeamka hivyo akagonga mlango wako na kusema habari za asubuhi kwa uso uliokunjuka, tabasamu hilo ni kazi aliyoifanya, kama shuka alilolinyoosha. Fundi akikuchongea mlango mzuri humwambii kwamba uzuri wake ni wa uongo kwa kuwa ulimlipa.

Wala sisemi kwamba nilikuwa malaika. Kuna familia moja ilifuta makato siku ya tatu tu ya safari, na msimamizi akatusomea namba ya chumba. Chumba kilikuwa changu. Kila jioni nilikuwa nikimkunjia mtoto wao mnyama wa taulo, nikamwekea miwani ya baba yake puani, na jioni ile niliyakunja mataulo mraba, nikayapanga kitandani, nikafunga mlango. Kesho yake yule mtoto, wa miaka mitano hivi, alinifuata kwenye korido akaniuliza tembo amekwenda wapi. Nilimjibu kwamba tembo ameshuka bandarini. Alilia. Ningeweza kumkunjia mwingine kwa dakika mbili, na sikumkunjia mpaka safari ilipokwisha. Nimetoa hesabu hiyo mara nyingi na kila mara najibu kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba kosa lilikuwa la wazazi wake, kwamba mtu yeyote angefanya vile. Labda wewe ungefanya vile.

Sitaki kukusimanga. Ada yako ya kidato cha tano na cha sita ilitoka wapi, shangazi anajua na inatosha. Ila kwa kuwa nimeshaligusa, zilikuwa ni bahasha, binamu. Nilipoanza kazi mwaka 2003 kampuni yetu bado iligawa bahasha usiku wa mwisho, na ndani yake mlikuwa na noti za tano na za kumi ambazo niliwabembeleza wenzangu wanibadilishie ziwe za mia, maana unajua maduka ya fedha ya huku hununua noti ndogo kwa bei ya chini na zilizochakaa huzirudisha. Wewe ulipokea noti za mia, safi. Hukuwa na njia ya kujua zilikuwa ndogo kiasi gani kabla hazijakufikia, na mimi ndiye sikukuambia.

Usiku wa siku ile ile ya harusi, turubai limewashwa taa, taarabu imechanganya, ulinyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji. Sisi watu wa Tanga tumekua tukitunza. Hakuna anayeona kwamba mwimbaji kapungukiwa heshima kwa sababu fedha imemfikia akiwa bado anaimba. Ulikwenda kwa mwendo wa maringo, ukazipunga noti juu kwanza zionekane, ukamwekea mkononi moja baada ya nyingine, na wanawake wakapiga vigelegele. Nilikutazama nikiwa nimesimama karibu na masufuria. Nilipenda ulivyotunza, nakuapia. Ndilo lililoniuma zaidi.

Yule mama ni jirani yangu hapa Ngamiani. Asubuhi yake alikuja dukani na noti kumi na nne za dola moja moja, amezikunja kwenye ncha ya kanga, akaniomba nimbadilishie kwa kuwa duka la fedha alikotoka walitaka kuzichukua kwa bei ya kutupa. Nilimpa shilingi kwa bei kamili ya noti kubwa. Alizihesabu, akazifunga tena kwenye kanga, na kabla ya kuondoka akaniomba nikufikishie ahsante yake, kwamba usiku ule ulimtoa kimasomaso. Nimekaa nayo miezi minne. Leo nakufikishia.