Mita moja kwa ploti nzima ndiyo inayokula pesa za wapangaji

Kwa Mhariri,

Kila anayeuza tokeni hapa Malindi, kuanzia Maweni hadi Muyeye, amechoka kuulizwa swali moja: mbona mia tano ya mwezi jana ilileta yuniti nyingi kuliko mia tano ya leo? Majibu yanayozunguka mitaani hayasaidii. Huyu anasema ununue tarehe mosi, yule anasema ununue usiku wa manane, mwingine anaapa kwamba mita imechezewa. Stima ya nyumbani haina bei ya usiku wala ya mchana, kwa hivyo anayekesha kununua tokeni anajinyima usingizi bure. Wanaoumia zaidi ni wapangaji wa vyumba, na kinachowaumiza hakitajwi kamwe.

Tuanze na ujumbe wa simu. Watu wengi hunakili tarakimu 20 za tokeni na kufuta mengine, na hapo ndipo penye habari yote. "Amt" ni pesa ulizotoa. "Units" ni stima uliyopata. "TknAmt" ni kiasi kilichonunua stima kwa bei ya msingi. "OtherCharges" ni makato: gharama ya mafuta ya mitambo ya kuzalisha umeme, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo ya umeme wa mashambani ambayo ni asilimia 5 ya bei ya msingi, VAT ya asilimia 16 na vijitozo vingine vya senti. Gharama ya mafuta na ya fedha za kigeni hutangazwa upya kila mwezi na EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati. Kwa hivyo yuniti ikipungua moja, usimshuku mtu. Gawa "Amt" kwa "Units" upate bei halisi ya yuniti moja, uiandike mahali, mwezi ujao ulinganishe. Tuseme 500 imekupa yuniti 18: kila yuniti imekugharimu shilingi 27 na senti 78. Bei hiyo ikiruka ghafla kwa shilingi kadhaa, basi huenda mita ina deni linalokatwa, kwa mfano mkopo wa kuunganishiwa stima, au umepandishwa kundi la bei.

Makundi ya wateja wa nyumbani ni matatu. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2023, anayetumia hadi yuniti 30 kwa mwezi bei yake ya msingi ilikuwa shilingi 12.22, wa kati ya 30 na 100 akalipa 16.30, na aliyepita 100 akalipa 20.97. Kundi lako hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu, ndiyo maana tarehe ya kununua haisaidii kitu. Wala usidhani kwamba yuniti 30 za mwanzo huuzwa rahisi na zinazofuata ndizo ghali. Ukishaingia kundi la juu, hata yuniti ya kwanza kabisa unainunua kwa bei ya juu.

Sasa chukua ploti yenye vyumba vitano na mita moja ya Kenya Power, kampuni ya stima. Kila mpangaji ana taa mbili, feni, redio na chaji ya simu, anatumia yuniti 24 kwa mwezi. Kwa viwango hivyo vya 2023, angekuwa na mita yake angelipa 12.22 kwa yuniti, yaani shilingi 293 za bei ya msingi. Lakini mita ya ploti inaona yuniti 120, haioni watu watano. Inaona mteja mmoja mwenye matumizi makubwa, na wote wanatozwa 20.97. Zile yuniti 24 zinakuwa shilingi 503. Ni shilingi 210 zaidi kila mwezi kwa kila chumba, na bado hujaongeza VAT na ile asilimia 5 juu yake. Mpangaji asiye na hata friji analipa kwa kiwango cha mwenye nyumba kubwa ya kiyoyozi.

Mwenye ploti hapati chochote katika tofauti hiyo, na wengi wao hawaijui. Ninaowalaumu ni wale wanaofunga mita ndogo kila chumba kisha wakauza yuniti kwa bei waliyojipangia. Mita ndogo hupima tu, haibadilishi kundi. Mpangaji ana haki ya kuuliza: nionyeshe ujumbe wa tokeni. Mgawanyo wa "Amt" kwa "Units" utasema bei ya kweli, na kinachozidi hapo ni faida ya mtu.

Mita ndogo nazo hukaguliwa. Someni zote pamoja na mita kubwa saa ile ile, kisha rudieni baada ya wiki. Jumla ya mita ndogo ikipungukiwa na ile kubwa kwa yuniti chache, hizo ni taa za nje na pampu ya maji, zigawanywe waziwazi. Tofauti ikiwa kubwa, kuna waya umeunganishwa kabla ya mita ya mtu. Mita yako unaweza kuipima mwenyewe kwa kile kitaa chekundu kinachopepesa. Tazama maandishi ya kando yake; yakiwa "1000 imp/kWh", yaani mipepeso 1000 kwa yuniti moja, hesabu kinapepesa mara ngapi kwa sekunde 36. Kila mpepeso ni wati 100. Pasi ya wati 1,200 peke yake itakipepesesha mara 12. Kisha zima swichi zako zote na uchomoe kila kitu. Kikiendelea kupepesa, ita fundi, maana ama stima inavuja ama kuna jirani yuko ndani ya waya wako.

Dawa ni mita ya kila chumba. Ploti hutandikwa waya upya, kila chumba na laini yake hadi ubaoni, kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, halafu mwenye nyumba aombe mita zaidi Kenya Power. Ni gharama, sikatai. Panapokosekana uwezo, angalau mita mbili kwa vyumba vitano huteremsha wote hadi kundi la kati.

Feni isisingiziwe. Ya wati 75 ikizunguka saa 12 haifikishi yuniti moja, hata wakati wa joto la kaskazi. Mlaji ni friji la mtumba ambalo mpira wa mlango umekauka. Funga mlango juu ya noti ya karatasi. Ikivutika bila kukwama, mpira ubadilishwe.

Mita zilizofungiwa nyumba tupu kwa muda mrefu zina shida yao. Ambayo haikusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 hukataa tokeni mpya. Ukinunua utatumiwa seti tatu za tarakimu 20: ingiza mbili za kwanza, ambazo ni za kusasisha mita, kwa mpangilio zilivyokuja, ya tatu ndiyo yenye yuniti.

Nunueni kwa paybill 888880, ambayo haina mtu wa kati wa kuongeza chake. Wenye malalamiko waanze na *977# au 97771 na wadai nambari ya malalamiko. Kampuni isipowasikiliza, EPRA hupokea kesi hizo, na ujumbe wa tokeni ndio ushahidi wenu, kwa hivyo msiufute.

Fundi umeme,
Maweni, Malindi