Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: vimelea viwili vina misimbo miwili

Mheshimiwa Kamishna,

Kwa heshima zote, tunakuandikia hadharani kwa sababu barua za ofisini zimekwama. Uliahidi kwamba suala la vipimo vya vimelea vingi lingeshughulikiwa. Wiki hii furushi jingine la madai limerudi, na kosa ni lilelile.

Maabara imepima klamidia na kisonono kwa kukuza vinasaba, ikadai malipo kwa misimbo miwili ya kipimo: 87491 wa klamidia na 87591 wa kisonono. Kampuni ya bima imeifuta yote miwili na kuweka msimbo mmoja tu badala yake, 87801, wa vimelea vingi kwa pamoja. Sababu iliyoandikwa: sampuli ni moja.

Sampuli moja si hoja. Utaratibu wa CPT, yaani misimbo ya huduma na vipimo vya tiba inayotolewa na Chama cha Madaktari cha Marekani, unataka kimelea chenye msimbo wake kidaiwe kwa msimbo huo. 87801 umewekwa kwa vimelea vingi, pale maabara inapotoa jibu moja tu kwa vyote. Itazame karatasi ya majibu, Mheshimiwa: ina mistari miwili. Klamidia, imeonekana. Kisonono, hakikuonekana. Daktari anaisoma mistari hiyo ndipo achague dawa: doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7 kwa klamidia, au sindano ya seftriaksoni, kwa kawaida miligramu 500, kwa kisonono. Jibu moja la pamoja lisingemwambia atibu nini.

Tunavyodhani, programu ya madai imepangwa kuunganisha misimbo hii ikionana kwenye tarehe moja, wala hakuna mtu anayefungua karatasi ya majibu.

Kuna na hili la koo. Mgonjwa akipimwa kisonono kwenye mkojo na kwenye koo, 87591 inaandikwa mara mbili, mstari wa pili ukiwa na alama 59 kuonyesha sehemu nyingine ya mwili. Wengine huweka 91, na hapo wanakosea, maana 91 ni ya kurudia kipimo kilekile siku hiyohiyo kwa sababu za tiba. Lakini hata walioweka 59 wanaambiwa wamedai mara mbili!

Hatudai kila kitu kitenganishwe. Kwa virusi vya njia ya hewa, CPT yenyewe imeunganisha kwa idadi: 87631 kwa virusi 3 hadi 5, 87632 kwa 6 hadi 11, 87633 kwa 12 hadi 25. Maabara inayovunja kifurushi hicho ili ilipwe zaidi ikataliwe, na sisi tutakuwa upande wako.

Ombi letu ni moja. Amuru 87491 na 87591 zisigeuzwe kuwa 87801, na madai yaliyogeuzwa yapitiwe upya. Kama kuna kanuni inayoruhusu, kampuni iiandike kwenye barua ya kukataa, kifungu kwa kifungu. Tafadhali, 87491 na 87591 zibaki zilivyo. Tutashukuru kwa jibu la maandishi.

Wako,
Waandaaji wa madai ya maabara