Kisumu hadi Eldoret: mbona tunatoza zaidi ya kilomita 79?

Wiki iliyopita mteja wa magari yetu alituandikia saa nne usiku: "Mmenitoza kilomita ambazo hazipo." Akaambatanisha picha ya simu yake: uwanja wa ndege wa Kisumu hadi ule wa Eldoret, kilomita 79. Si wa kwanza kulalamika, na kuitwa "wezi" kunatuuma.

Hizo 79 ni za angani. Gari lazima livuke mji, kwa sababu uwanja wa Kisumu uko upande wa barabara ya Busia. Kisha Kondele, Mamboleo, Kiboswa, Majengo, Mbale. Chavakali tunakunja kulia kuelekea Kaimosi, Kapsabet, Mosoriot, ndipo ufike uwanjani, kabla ya mji wa Eldoret. Hizo ni zaidi ya kilomita 100, na karibu zote ni za kupanda: Kisumu uwanja uko mita 1,150 hivi juu ya bahari, Eldoret zaidi ya 2,100. Mlima unakula mafuta, na bei ya mafuta hatuipangi sisi, EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati, huitangaza kila tarehe 14 ya mwezi. Halafu mara nyingi dereva anarudi Kisumu bila abiria.

Muda wa safari? Sisi huhesabu saa mbili na nusu hadi tatu. Majengo na Chavakali siku ya soko, watu na mikokoteni wako barabarani. Ukifika upande wa Nandi kuna matuta, trekta za majani chai, na mvua ikinyesha ukungu unashuka mpaka taa zinawashwa mchana.

Mwezi Aprili mzee mmoja alikuwa na ndege ya saa sita mchana kutoka Eldoret. Tulimwomba atoke saa mbili asubuhi. Akagawanya 79 kwa mwendo wa 80, akapata saa moja, akachukua gari la jirani kwa nusu ya bei yetu, wakang'oa nanga saa tatu na nusu. Kaimosi walikuta mvua. Alipofika, kaunta ilikuwa imefungwa. Saa saba akatupigia tumfuate. Dereva wetu alimkuta amekaa kwenye kiti cha nje na katoni ya samaki wa kukaanga aliokuwa akiwapelekea wajukuu, mafuta yameshapenya gazeti na kulowesha magoti ya suruali. Alilipa jirani, alilipa sisi, akanunua tiketi nyingine. Tulimpunguzia kidogo. Kwa kweli tulimhurumia.

Kwa hiyo mteja wetu, ukitupigia, tupe kwanza saa ya ndege na idadi ya mabegi. Ndege ya saa sita, tunakuja kwako saa mbili. Ya saa mbili asubuhi, tunagonga lango saa kumi alfajiri, na bei ni ileile tuliyokubaliana kwa simu, hata tukikuta foleni Kondele.