Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wazee Wetu wa Shabaha

Assalaam alaykum wanachama wenzangu, wazee wetu na vijana wetu.

Hesabu atazisoma mshika fedha, na habari za vibali na kufuli za kasha la bunduki katibu keshazieleza. Mimi muda wangu wote nautumia kwa wazee wawili waliokuja kutufundisha mwaka huu.

Mnakumbuka, tangu Olimpiki ya Paris 2024 vijana wetu walikuwa hawaishi kumuiga Yusuf Dikeç, yule Mturuki aliyepata medali ya fedha kwa bastola ya upepo, yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan, akiwa na miwani ya kawaida na mkono mmoja mfukoni. Hamu ile ilinifurahisha, lakini walichokiiga ni mkono tu. Mzee wetu wa kwanza, askari mstaafu, ndiye aliyewakalisha akawaambia: yule bwana alikuwa na miaka 51 huko Paris, na Olimpiki ameanza kushiriki tangu Beijing 2008. Mkono kuutia mfukoni si mbwembwe, ni kuutuliza usiuyumbishe mwili.

Siku ya kwanza hakuwapa hata risasi moja. Alichukua bunduki tupu, akahakikisha mwenyewe kuwa ni tupu, kisha akatoa sarafu ya shilingi mia mbili akaiweka juu ya mtutu, karibu na mdomo. "Haya fyatua, na isianguke." Ilianguka. Ilianguka kwa kila aliyejaribu, na mimi nilikuwemo. Mzee wala hakutazama karatasi ya shabaha. Macho yake yalikuwa kwenye kidole. Hakutaka kifyatulio kivutwe kwa mkupuo, alitaka kibanwe aste aste mpaka mlio umshitue mpigaji mwenyewe. Wiki tatu nzima tulikuwa na sarafu. Wapo walionung'unika kwamba wamekuja kupiga, hawakuja kucheza na chenji. Lakini hesabu yake ni hii: katika bunduki ya upepo ya mita 10, nukta ya kumi, ile ya katikati kabisa ya shabaha, ina upana wa nusu milimita, na mdomo wa mtutu ukiteleza milimita moja tu, risasi inatua zaidi ya sentimita moja pembeni. Leo wapo vijana wetu ambao sarafu ile haitikisiki, na karatasi zao mmeziona ukutani.

Mzee wa pili ni msasi wa zamani kutoka Kusini Unguja, aliyekesha makondeni miaka mingi kuwazuia nguruwe wasichimbue mihogo ya watu. Yeye alitufundisha kutopiga. Alituhadithia usiku mmoja aliposikia majani yakichakacha, akainua bunduki, kidole kikabaki nje, akasubiri. Aliyetokea ni mtoto wa jirani anatafuta mbuzi. Alipofika hapo sauti ilimkatika, na banda zima likanyamaza. Tangu siku hiyo hakuna kijana anayegusa kifyatulio kabla hajasema kwa sauti anapiga nini na nyuma yake kuna nini. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa la mwaka.

Yeye pia ndiye aliyetundika ule uzi wa katani mlangoni mwa banda. Risasi zetu zina uzito wa karibu nusu gramu, na kusi ikivuma kwenye banda lililo wazi huzisogeza. Sasa mtoto hutazama uzi kwanza.

Alikuwa akipenda kutusomea Hadithi aliyoipokea Bukhari: Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga, akawaambia, "Pigeni, enyi wana wa Ismail, kwani baba yenu alikuwa mlengaji." Ufundi huu tangu hapo unatajwa kwa jina la mzazi. Binti zetu nao niliwaeleza habari za Nino Salukvadze wa Georgia: baba yake ndiye kocha wake, alishinda dhahabu Seoul mwaka 1988, akashiriki Rio 2016 pamoja na mwanawe, na Paris ikawa Olimpiki yake ya kumi.

Sasa jambo linaloniuma. Mzee wetu wa Kusini alikuja kwa daladala, kwenda na kurudi, kwa nauli yake mwenyewe, miezi minne, na hakuna aliyemuuliza. Yeye hakusema. Nililijua siku nilipomkuta kituoni wakati wa magharibi anahesabu sarafu. Ni kosa la uongozi, na la kwangu kwanza. Nimemuomba radhi mbele ya vijana, na leo nawaombeni mpitishe nauli ya wazee wote wawili iwe ya kwanza kutolewa kila mwezi, kabla ya risasi na kabla ya karatasi.

Nawaomba vijana wawili wajitolee kuandika daftari la mafunzo ya wazee hawa, maneno kama wanavyoyasema wenyewe. Mazoezi yanaanza tena Jumamosi baada ya Alasiri. Kila mmoja aje na sarafu yake.