Kabla hujasema fundi kaharibu gari, niambie unapanga gia vipi

Hii ni mara ya tatu mwezi huu. Mteja anaingia na gari ya spoti, manyuali, safi kabisa, anashuka kakunja uso na salamu hajamaliza: fundi, toka mmeifanyia sevisi hii gari inakula mafuta balaa. Huyu wa juzi alienda mbali zaidi, akasema tulimfungia plagi zilizotumika halafu mpya zake tukabaki nazo. Maboksi ya hizo plagi mpya yako kwenye buti ya gari yake mwenyewe, na zile kuukuu nilimrudishia kwenye mfuko, maana hapa kila tunachotoa tunarudisha, lakini mtu akishaamini kaibiwa hata umwonyeshe nini haoni.

Nikamwambia bosi, twende tukaiendeshe. Akauliza, na hiyo nayo unachaji? Ndiyo, tunachaji, na nitaisema hapa hadharani ili nisirudie tena. Mtu halalamiki kulipia klachi nzima kwa sababu ni kitu anakishika mkononi, ila saa moja ya fundi kukaa pembeni yake na mashine ya kupimia mapajani anaona amelipia hewa. Sasa ningeweza kumwambia tubadilishe sensa ya oksijeni, tubadilishe injekta, vile vijibomba vinavyopulizia petroli kwenye injini, angelipa mara kadhaa ya hiyo saa, gari ingeendelea kula vilevile, na asingenuna maana kaona boksi mpya.

Dakika kumi tu nikawa nimeshajua. Jamaa ana tabia mbili, na zote alifundishwa kwamba ndiyo kubana mafuta.

Ya kwanza, akiona mteremko tu anachomoa gia, anaweka fri, anatulia kama yuko kwenye boti. Tukashuka mlima mmoja mara mbili. Mara ya kwanza kwa fri yake, injini iko kwenye raundi 800, nikamwonyesha kwenye kioo cha mashine muda ambao injekta zinafunguka: milisekunde mbili na kitu, yaani mafuta yanamwagika. Mara ya pili nikamwambia acha gia ya nne humohumo, toa mguu kwenye mafuta, klachi usiiguse. Raundi zikapanda zikakaa 2,500, injini inavuma, ananitazama kama ninamchomea tanki. Injekta: 0.0. Akadhani mashine imekata. Haijakata bwana, hapo matairi ndiyo yanayoizungusha injini kwa hiyo kompyuta inafunga mafuta kabisa, mpaka raundi zishuke karibu na 1,200 au 1,500 hivi kutegemea na gari, ndipo inarudisha ili isizime. Ukiweka fri unaidai injini ijizungushe yenyewe, na haijizungushi kwa upepo.

Hiyo fri ilikuwa na maana enzi za kabureta, ndiyo maana wazee wetu waliifanya na wakatufundisha. Gari yako ina injekta. Kuna mjuzi ataniambia ukiwa na gia gari inapoteza mwendo mapema, ni kweli, kwenye mteremko mdogo ukishusha gia ndogo utajikuta unakanyaga mafuta tena katikati, kwa hiyo hapo kaa na gia kubwa inayobeba mwendo bila kuburuta. Lakini mlima wenyewe, ule unaokufanya ushike breki, fri haina utetezi. Huyu bosi breki zake zilikuwa zinanuka tulipofika chini, na pedi tulimwekea kwenye hiyohiyo sevisi.

Tabia ya pili ndiyo inayoua magari. Kasikia mahali kwamba panga gia mapema, raundi ziwe chini, basi yeye kwenye kilomita 50 kwa saa yuko gia ya sita, raundi 1,100, gari inatetemeka mpaka kioo cha kati kinacheza, kikitokea kilima anakandamiza mafuta hadi chini na gia haigusi. Nusu ya alichosikia ni kweli. Injini ya petroli ikienda raundi za chini huku trotobodi, lile lango la kuingizia hewa kwenye injini, imefunguka vizuri inatumia mafuta kwa akili kuliko ikienda raundi nyingi trotobodi ikiwa imebanwa, maana inapobanwa injini inakula nguvu zake yenyewe kuvuta hewa kupita kwenye kijitundu. Ila kuna mpaka. Ukikandamiza kwenye raundi 1,100 injini inaanza kugonga, yaani petroli inawaka ovyo ndani ya silinda, sensa inasikia, kompyuta inachelewesha moto, nguvu inapungua, wewe unaongeza mguu, na ikiona mguu uko chini kabisa inaacha ule mchanganyiko wa kawaida wa hewa 14.7 kwa petroli 1 inaenda kwenye 12 au 13, yaani inazidisha petroli. Hapo umebana nini? Na kama ni turbo yenye injekta za moja kwa moja kwenye silinda ndiyo hatari zaidi, mafuta yanaweza kuwaka kabla ya wakati na pistoni ikapasuka, na hilo huja ghafla.

Halafu watu wanaongea gia ya sita kana kwamba ni kitu kimoja. Honda S2000 kwenye sita kwa kilomita 100 kwa saa injini inapita raundi 3,500, gia zake zimekaa karibukaribu kwa ajili ya injini inayopenda kupanda, zile za mwanzo mstari mwekundu uko huko 9,000. Chukua Corvette ya miaka ya 2000, ile spoti ya Kimarekani yenye injini ya V8, silinda nane, sita yake kwa mwendo huohuo haifiki hata 1,500 na haisumbuki, ina nguvu za chini tele. Kwa hiyo ushauri wa jirani yako mwenye gari nyingine usiulete kwenye yako.

Kwani hata watengenezaji wenyewe wamewahi kulazimisha watu kupanga gia. Corvette ya 1989 ilipopewa gia sita iliwekwa kifaa kwamba ukiendesha polepole ukitoka moja, lango la pili linafungwa, mkono unaenda wa nne kwa lazima, ili gari ipate namba nzuri kwenye kipimo cha mafuta kule Marekani na ikwepe kodi ya magari yanayokula sana. Wenye magari wakachukia, mpaka leo kinauzwa kidude cha kukizima. Lakini angalia, kile kifaa kilikuwa kinafanya kazi mguu ukiwa mwepesi tu. Ukikanyaga kinakuachia gia zako. Wale mainjinia walijua mpaka uko wapi, bosi wetu hajui.

Nina mteja mwingine wa zamani kidogo, naye wa kuburuta sita mjini. Alikuja na mlio wa kokoto gari ikiwa imesimama, ukikanyaga klachi unapotea. Flaiwili, lile gurudumu zito kati ya injini na klachi. Hizi gari nyingi za siku hizi flaiwili yake ni vipande viwili na springi katikati, kazi yake kumeza ule mtetemo, sasa ukiitetemesha kila siku kwenye raundi 1,000 springi zinachoka. Nikampa bei, akaona namwibia. Akaenda kufunga ile ya kipande kimoja, rahisi, na sisemi wapi. Miezi michache karudi, geaboksi inalia kama mfuko wa misumari na gia ya tatu inakwaruza kuingia, tukaishusha upya, safari hii flaiwili, klachi, na sinkronaiza (pete zinazolainisha gia kuingia) juu. Sikumwambia kitu. Nilimpa tu ile karatasi ya bei ya mwanzo aliyoikataa, nilikuwa nimeitunza.

Na wale wa kutoa thamostati, kile kifaa kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, ili gari isichemshe, jamani, injini isipofika joto lake kompyuta inadhani bado ni asubuhi inaendelea kuongeza petroli siku nzima. Kuweka petroli ya okteni ndogo kuliko ilivyoandikwa kwenye kifuniko cha tanki ni hadithi ileile ya kugonga na kuchelewesha moto, ulichookoa pampuni unakirudisha barabarani.

Sasa mimi mwenyewe naendeshaje hizi gari nikizijaribu? Injini ikiwa baridi naondoka taratibu, siiachi ingurume robo saa imesimama. Natoka na moja kidogo tu, mbili, halafu nakanyaga mafuta kwa uhakika, si kwa kuogopaogopa, napanda gia kwenye raundi kama 2,500 kwa injini ndogo isiyo na turbo, yenye turbo 2,000 inatosha. Nikishafika mwendo naruka gia, tatu naenda tano, hakuna sheria kwamba lazima ya nne uisalimie. Kilima kikitokea napangua kabla gari haijaanza kutetemeka, na nikiona taa nyekundu mbele natoa mguu mapema na gia ikiwa ndani. Mguu wa kushoto unakaa pembeni, haukai juu ya klachi. Na kubalansi kilimani kwa klachi badala ya handibreki mimi sikuoni, wala usiniletee klachi hiyo useme ni feki.

Raha ya gari ya spoti siwanyimi. Ipandishe mpaka mstari mwekundu siku barabara inaruhusu, oili ya injini ikishapata joto, imetengenezwa kwa ajili hiyo, inakula lakini haiumii. Mtu anayevuta gari mpaka 7,000 mara moja moja huwa haniletei kazi nyingi kama yule wa 1,000.

Na ukija kulalamika uje na hesabu. Jaza mpaka bomba likate lenyewe, rudisha mita ya safari sifuri, endesha, jaza tena hivyohivyo pampu ileile, gawa kilomita kwa lita. Tanki tatu, si moja, na usiniletee ile namba ya kwenye dashibodi.

Yule bosi wa plagi alifanya hivyo kweli. Kapiga simu baada ya tanki ya tatu, kilomita zimepanda kwa kila lita, ila anasema anadhani gari ilikuwa bado inazoea plagi mpya. Nikamwambia inawezekana. Klachi yake tumeipangia wiki ijayo.