Aksanti kwa wote waliotusindikiza kumzika Mama, Koko (bibi) wetu

Sisi watoto, wajukuu na vitukuu tunaandika kutoka Kadutu, Bukavu. Nyumba bado ina wageni, lakini deni la shukrani halingoji.

Mama alizaliwa mwaka 1936. Aliolewa na askari wa Force Publique, jeshi la Congo ya wakoloni Wabelgiji, angali binti mdogo, na tangu hapo maisha yake yakafuata amri za jeshi. Baada ya uhuru jeshi likaitwa ANC, baadaye, wakati wa Zaïre, FAZ. Mama alibaki mke wa askari yule yule. Uhamisho ukitoka, yeye ndiye aliyefunga godoro, masufuria na watoto. Mwaka 1967, Mbelgiji Schramme na mamluki wake walipoiteka Bukavu, Baba alikuwa kwenye mapigano. Mama alitutoa mjini kwa miguu hadi Walungu, mmoja mgongoni, wengine wakimshika kikwembe. Hadi Novemba, mamluki walipovuka Ruzizi kuingia Rwanda, hakujua kama ana mume au ni mjane. Mwaka 1978 akangoja tena vile vile, Baba akiwa vitani Kolwezi, huko Shaba (Katanga).

Wakubwa kati yetu tunaikumbuka pasi yake ya makaa. Alilowesha sare ya Baba katika maji ya wanga wa muhogo, akaipiga pasi mpaka mkunjo wa suruali ukasimama wenyewe. Hakumwachia mtu kazi hiyo. Mshahara ulipochelewa, na waliokaa kambini wanajua maana yake, aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na sare ya Baba ikaendelea kung'aa. Alitukemea kwa Lingala ya kambi, akatubembeleza kwa Mashi, akasali kwa Kiswahili.

Ndiyo maana wamama wa Kambi Saio, kambi ya jeshi ya hapa Bukavu, mlitufanya tulie machozi mlipoingia matangani mkiimba. Wengine wenu waume zenu walipokuwa vitani mlijifungulia mikononi mwake. Mmoja alisimama na mwanawe mwenye mvi, akasema, "Huyu alipokelewa na Koko." Hatukuwa tunajua. Mama hakuwahi kututajia.

Aksanti kwa padri na Shirika letu, jumuiya ndogo ya waumini wa mtaa, mliosali nasi kila jioni hata mvua ilipopitisha maji kwenye hema. Aksanti kwa kwaya. Aksanti kwa waganga na wauguzi waliomhudumia hadi mwisho, na kwa wazee wa jeshi mliovaa medali zenu na kumpigia saluti. Kwetu ile ilikuwa heshima aliyoistahili tangu zamani. Mliovuka ziwa usiku kutoka Goma, mliotuma mchango kwa simu kutoka Lubumbashi na Kinshasa, majirani mliotulazia wageni, tumewaona nyote. Vijana wa mtaa mliosukuma gari lenye jeneza lilipokwama kwenye matope kabla ya Mugogo, hatuna cha kuwalipa. Kwa bidii yenu Mama alifika Walungu kungali mchana, akalazwa kando ya Baba kama alivyoomba.

Hatuwezi kumtaja kila mtu. Tafadhali yeyote asiyejiona hapa asidhani tumemsahau.

Misa ya kuondoa matanga ni Jumamosi asubuhi, kisha tutakula pamoja nyumbani. Viti, mabeseni na masufuria mliyotuazima tumeyaosha, yamepangwa barazani. Mwenye chake apite kukichukua, au atume mtoto, nasi tutamsaidia kubeba.

Familia ya marehemu, Kadutu