Mkusanyaji si mlimbikizaji

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu watu wanaojaza nyumba zao vitu iliniweka mimi na marehemu mjomba wangu katika kapu moja, jambo ambalo yeye angelicheka lakini mimi nimeshindwa kulinyamazia. Nakusanya stempu tangu nilipokuwa shule ya msingi, mjomba alilimbikiza. Mwandishi wenu aliyachukua maneno hayo mawili kuwa pacha, na kipimo pekee alichotupatia ni wingi wa vitu.

Wingi peke yake hautuambii lolote. Hans Sloane, tabibu aliyefariki mwaka 1753, aliacha vitu zaidi ya 71,000, kuanzia mimea iliyokaushwa hadi sarafu na vitabu, na huo ndio uliokuwa msingi wa British Museum ya London. Vitu vyake vilikuwa na orodha, na aliyehitaji kukitazama kimoja aliweza kuonyeshwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sijapata kumwona mkusanyaji wa kweli asiye na daftari. Langu lina kurasa zinazoonyesha stempu nilizo nazo, na lina pia nafasi tupu, kila moja na tarehe ya stempu ninayoitafuta. Jioni nikikaa na kibano na kioo cha kukuzia, nikihesabu meno ya ukingoni mwa karatasi isiyozidi ukubwa wa ukucha, najua kwa nini ninaihesabu: stempu mbili zenye picha moja zinaweza kuwa za matoleo mawili tofauti kwa sababu ya meno hayo tu. Stempu ya kwanza kabisa, Penny Black ya Uingereza ya mwaka 1840, haikuwa na meno hata moja. Karani wa posta aliikata kwa mkasi, na ndiyo maana leo wakusanyaji huitazama mipaka yake minne kabla ya kutazama kitu kingine. Nikipata mbili zinazofanana, moja nabadilishana na mwenzangu, na siku hiyo silali na huzuni.

Mjomba hakuweza kuachana na kitu. Alikuwa na chupa zisizo na vifuniko na vifuniko visivyo na chupa, magazeti yaliyofungwa kamba, vipande vya mabomba, redio tatu zisizosema. Siku moja nilikuwa naandika mezani kwake, kalamu ikaisha wino, nikataka kuitupa. Aliichukua mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayeokoa kifaranga, akasema, “Hiyo iache, mpwa wangu, nitaitafutia wino.” Kitanda chake kilikuwa kimegeuka rafu, naye akilala kwenye kiti. Jiko lilikuwepo, ila hakuna aliyeweza kulifikia.

Hapo ndipo tofauti ilipo, na si mimi ninayeichora. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliutambua ulimbikizaji kuwa ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, baada ya miaka mingi ya kuuhesabu kama tawi la maradhi mengine ya wasiwasi, na Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu mwaka 2022. Wanachoangalia ni kama mtu anashindwa kuachana na vitu hata visivyo na thamani, kama kuvitoa kunamtia uchungu wa kweli, na kama vyumba vimeacha kufanya kazi yake: chumba cha kulala hakilaliki, jikoni hakupikiki. Mara nyingi dalili huanza ujanani na huzidi kadiri umri unavyosonga, ndiyo sababu jamaa huja kushtuka wakati mwenyewe amekwisha kuzeeka. Haihusiani na uvivu. Wala haihusiani na mfanyabiashara anayehodhi bidhaa ili aziuze bei ikipanda. Huyo anajua vizuri sana siku atakayoziachia.

Sitaki kudai kwamba mpaka huo ni ukuta. Chini ya kitanda chetu kuna maboksi matatu ya stempu nilizonunua kwa kilo, na ni mwaka wa nne sasa sijayafungua; mke wangu ameniomba nisilifiche hili. Hata lugha huuvuka mpaka huo: wengine wetu tulifundishwa shuleni kwamba uraibu, kama huu wangu wa stempu, ni jambo la kupumzishia akili, na leo neno hilohilo hutajwa zaidi pamoja na dawa za kulevya.

Lililoniuma zaidi katika makala yenu ni ule ushauri wa kuisafisha nyumba wakati mwenyewe hayupo. Sisi tulifanya hivyo. Mjomba alilazwa hospitali siku tatu, nasi tukaleta lori, likaenda na kurudi mara mbili. Aliporudi alisimama mlangoni, hakugomba, akauliza habari za kifuniko kimoja chekundu tu. Baada ya miezi minane chumba kilikuwa kimejaa tena, na safari hii alikuwa ameacha kutufungulia mlango. Nilikuja kufahamu baadaye kwamba tiba inayosaidia ni ya mazungumzo na mazoezi, inayokwenda polepole, ambapo mgonjwa mwenyewe hushika kitu kimoja, akasema kwa nini anakihitaji, kisha akaamua. Kazi ya miezi hiyo sisi tulitaka kuimaliza kwa siku tatu.

Mliwataja pia Homer na Langley Collyer, ndugu wawili waliokutwa wamekufa nyumbani kwao New York mwaka 1947, nyumba iliyotolewa zaidi ya tani 100 za vitu, na mkawaita vituko. Hamkuandika kwamba Homer alikuwa kipofu, na kwamba Langley alisema anamwekea magazeti ili ayasome siku macho yatakapofunguka. Langley aliangukiwa na mirundo aliyoitega mwenyewe dhidi ya wezi, na Homer, aliyemtegemea kwa kila tonge, akafa kwa njaa.

Ninaomba gazeti lichapishe masahihisho kuhusu ushauri ule wa kusafisha kwa siri, kwa kuwa wapo watakaoufuata mwisho wa juma hili. Na ile picha iliyokuwa juu ya makala, ya mzee aliyeketi katikati ya maboksi akiwa ameinamisha uso: ningependa kujua kama mpiga picha alimwomba ruhusa.

Wenu,
Mkusanyaji wa stempu